Watu Wote Wanakutafuta: Taamuli katika Huduma ya Kichungaji ya Leo

Baba maaskofu, wachungaji na mapadre wenzangu, watawa, wainjilisti, makatekista, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kuwekewa mikono: Bwana Yesu asifiwe, na Tumsifu Yesu Kristo, maana humu ukumbini tumo wa desturi zote mbili. Nimeombwa nizungumzie mazoea ya taamuli katika huduma ya kichungaji ya siku hizi. Kwa kuwa mada yenyewe inahusu kunyamaza, nakiri kwamba kuisemea kwa muda mrefu kuna kichekesho chake, na kwa hilo mtanivumilia.

Naomba tuanzie Kapernaumu, katika sura ya kwanza ya Injili ya Marko, kwa sababu sijui mahali pengine katika Maandiko ambapo shida yetu imeelezwa waziwazi namna ile. Ni siku ya Sabato. Yesu amefundisha katika sinagogi, amemtoa mtu pepo mchafu, amemponya mkwewe Simoni, na jua lilipokuchwa wakaletwa wagonjwa kwa wingi hata mwinjilisti akaandika kwamba mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni. Mtumishi yeyote kati yetu angeihesabu siku hiyo kuwa ya mafanikio, na angelala akipanga namna ya kuiendeleza kesho yake. Kisha Marko anasema: "Hata alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko." Simoni na wenziwe wakamfuata, na walipomwona wakamwambia neno ambalo nimelifanya kichwa cha hotuba hii: "Watu wote wanakutafuta."

Neno hilo la Simoni halina uongo wala ubaya ndani yake. Watu walikuwa wakimtafuta kweli, na wagonjwa wao walikuwa wagonjwa kweli. Ndilo neno lile lile linalomsubiri mchungaji wa leo katika simu yake kabla hajanawa uso: kikundi cha wazee wa kanisa kimeuliza kuhusu hesabu, kwaya ina ugomvi, kuna msiba, kuna ndoa inayovunjika, kuna ujenzi uliosimama, na kuna mtu aliyeandika saa nane za usiku akisema hana tena sababu ya kuishi. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mtu mwenye moyo anaweza kulipuuza.

Jibu la Yesu ndilo linalotushangaza. Hakusema kwamba sasa amepumzika vya kutosha na yuko tayari kurudi mlangoni. Alisema, "Twendeni mahali pengine, mpaka vijiji vilivyo karibu, nipate kuhubiri huko nako, maana kwa hiyo nalitokea." Mara nyingi tumelihubiri fungu hili kana kwamba Bwana alijitenga ili ajipatie nguvu kwa ajili ya kazi iliyokuwa ikimngoja, na tukatoa funzo kwamba mtumishi naye apumzike. Kupumzika ni kwema, na mahali pengine Bwana mwenyewe aliwaita mitume wake wapumzike kidogo. Lakini hapa andiko linasema jambo jingine. Yesu alitoka katika sala akiwa na ratiba tofauti na ile ambayo wanafunzi walikuwa wamekwisha kumpangia. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea mbele yenu leo: kwamba ukimya mbele za Mungu ni sehemu ya kazi ya uchungaji yenyewe, tena sehemu ambayo ndani yake mchungaji hupata kujua kazi yake ni ipi na hupewa jicho la kumwona mtu aliyeletwa kwake. Anayeiweka kando sehemu hiyo ili apate muda wa kazi huwa ameanza kufanya kazi nyingine, ingawa bado anaiita kwa jina lile lile.

Niseme kidogo juu ya neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu cha kanisani tunazo tafakuri na taamuli, na wengi huyatumia maneno hayo kama mapacha. Tafakuri ni kazi ya akili inayolichambua neno, inayouliza maana yake na kulilinganisha na maisha. Kutaamali ni kulitazama jambo kwa muda mrefu, kwa utulivu na kwa mapenzi, bila haraka ya kupata jibu. Mmonaki Guigo wa Pili, aliyeishi katika karne ya 12 na kuwa mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse huko Ufaransa, aliviweka vitu hivi katika ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na taamuli. Ngazi hiyo ndiyo ambayo wengi wenu mmefundishwa kwa jina la Lectio Divina. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba kipandio cha nne kwa Guigo hakipatikani kwa juhudi. Mtu husoma, hutafuna, huomba, kisha hungoja, na kile anachopewa hupewa kama zawadi.

Najua kwamba baadhi yenu mlipoiona mada hii mlishtuka. Mnauliza kama taamuli si mlango wa nyuma wa dini nyingine, kama si kuiacha akili wazi ili kila kitu kiingie. Swali hilo ni halali, wala halikuulizwa kwanza na Walokole. Mwaka 1989 ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani iliwaandikia maaskofu wa Kanisa Katoliki barua nzima juu ya tafakuri ya Kikristo, na moja ya maonyo yake ni kwamba mtu asije akaichukua hali ya utulivu wa mwili na mishipa akaiita faraja ya Roho Mtakatifu. Nalikubali onyo hilo kwa moyo wote. Mkristo hanyamazi ili awe mtupu; hunyamaza kwa sababu kuna Mmoja anayesema, na Huyo amekwisha kusema katika Maandiko na katika Mwana wake. Na kwa ndugu zangu wa makanisa ya Matengenezo wanaodhani jambo hili ni mali ya wamonaki peke yao, nawakumbusha kwamba mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, aliyeitwa Peter, kijitabu cha kumfundisha kusali. Humo alimshauri kwamba, akiwa katikati ya Sala ya Bwana au Amri Kumi, mawazo mema yakianza kumjia kwa wingi, aziache sala nyingine zilizobaki, ayape nafasi, asikilize kimya wala asiyazuie, kwa kuwa hapo Roho mwenyewe ndiye anayehubiri. Tena alitumia mfano ambao kinyozi hakuhitaji kuelezwa: mwenye wembe mkononi akizubaa na kupiga soga, anaweza kumkata mtu pua au hata koo.

Mfano huo wa wembe unatufaa sisi kuliko ulivyomfaa Peter. Sisi nasi tumeshika kitu chenye makali, na watu wametuinamishia shingo.

Mwalimu mkubwa wa jambo hili, kwa maoni yangu, ni Gregori Mkuu, na ningekuwa na uwezo ningeagiza kitabu chake cha Kanuni ya Kichungaji kisomwe na kila mwanafunzi wa theolojia kabla hajashika kitabu chochote cha uongozi kilichotungwa kwa ajili ya wakuu wa makampuni. Gregori alikuwa ofisa mkuu wa mji wa Roma, akaacha, akaigeuza nyumba ya baba yake kuwa monasteri, akaupenda ukimya wake kwa upendo ambao hakuuficha. Mwaka 590, wakati tauni imemwua mtangulizi wake na watu wengi wa mji, alichaguliwa kuwa Papa, naye aliomboleza. Barua zake za wakati ule ni za mtu aliyenyang'anywa kitu. Mara akakabiliwa na njaa, wakimbizi, na majeshi ya Walombardi. Ni katika hali hiyo, wala si katika starehe ya maktaba, alipoandika kwamba mchungaji anapaswa kuwa jirani wa kila mtu kwa huruma, na papo hapo kuinuliwa juu ya wote kwa taamuli.

Gregori anaeleza neno hilo kwa mfano wa Musa, aliyekuwa akiingia na kutoka katika hema. Ndani aliinuliwa katika taamuli. Nje alilemewa na shida za wanyonge. Alipokuwa nje na jambo likamshinda, alirudi hemani kuuliza mbele za Bwana. Angalieni kwamba katika maelezo haya hakuna saa ya Mungu na saa ya watu zinazogombania siku moja. Ni mtu mmoja mwenye njia moja iliyokanyagwa mpaka ikawa tambarare, kati ya hema na kambi. Anachoingia nacho ndani ni kilio cha watu, na anachotoka nacho ni neno kwa ajili yao. Mchungaji asiyeingia hana la kutoka nalo, na asiyetoka hana cha kuingia nacho.

Karne tano na nusu baadaye, Bernardo wa Clairvaux, mkuu wa monasteri huko Ufaransa, alimwandikia Papa Eugenio wa Tatu, aliyewahi kuwa mmonaki chini yake, kitabu chenye maneno makali. Eugenio alikuwa akishinda kutwa akisikiliza kesi na mashauri. Bernardo hakumsifu kwa bidii yake. Aliziita shughuli zile kwa jina la laana, akamwonya kwamba zikiendelea hivyo zitampeleka polepole kwenye moyo mgumu, na kwamba mtu mwenye moyo mgumu hajui kuwa anao, kwa sababu hausikii tena uchungu wake. Mahali pengine, katika mahubiri yake juu ya Wimbo Ulio Bora, anawashauri wahudumu wawe mahodhi, wasiwe mifereji. Mfereji hupokea na kutoa kwa wakati ule ule, haubaki na kitu. Hodhi hungoja lijae, kisha hutoa kile kilichozidi bila lenyewe kupungukiwa. Naye analalamika kwamba Kanisa la siku zake lina mifereji mingi na mahodhi machache. Nasikitika kuwaarifu kwamba hali haijabadilika sana.

Sasa niwape ushahidi wangu, ambao ni ushahidi wa kosa. Katika miaka yangu ya mwanzo niliitwa kwa mama mmoja mzee aliyekuwa katika siku zake za mwisho. Nilikuwa nimetoka katika kikao kimoja na nilikuwa na kingine mbele yangu. Niliketi, nikafungua Zaburi, nikasoma vizuri, nikaeleza, nikaomba kwa sauti na kwa ufasaha, kisha nikaanza tena kueleza kwa sababu chumba kilikuwa kimya na ukimya ule ulinitisha. Yule mama akaweka mkono wake juu ya Biblia yangu akasema, "Baba, naomba ukae tu." Nilikaa. Labda zilikuwa dakika saba, labda kumi, sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilishindwa. Macho yangu yalikuwa kwake, lakini nafsi yangu ilikuwa imekwisha kufika kwenye kikao. Sikuwa na mazoea ya kukaa mbele ya mtu bila kumfanyia kitu, na chanzo chake, kama nilivyokuja kutambua baadaye kwa aibu, ni kwamba sikuwa na mazoea ya kukaa mbele za Mungu bila kumfanyia kitu.

Hapo ndipo kiungo kilipo, na naomba nikae juu yake. Usikivu ni mmoja. Hatuna usikivu wa kutumia kanisani na mwingine wa kutumia hospitalini. Mtu aliyejizoeza kila siku kukaa na andiko moja ambalo halimwambii kitu, akalivumilia, akarudi tena kila mara mawazo yake yalipotoroka, ndiye anayeweza kukaa na mjane anayerudia kisa kimoja kwa mara ya tisa, akakisikia kana kwamba ndiyo kwanza kinasimuliwa. Mara ya tisa, mara nyingi, ndipo neno lenyewe hutoka. Marafiki wa Ayubu wanalaumiwa sana katika mahubiri yetu, lakini tunasahau kwamba walianza vizuri kuliko wengi wetu. Walikaa naye chini juu ya nchi siku saba mchana na usiku, wala hapana mmoja aliyemwambia neno lolote, kwa kuwa waliona kwamba mashaka yake ni makuu mno. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa.

Lipo eneo la pili ambapo kukosekana kwa taamuli kunatuumiza, nalo ni mimbara. Mhubiri wa kila juma huzoea kuisoma Biblia kama mpishi anayeonja chakula cha wageni: anaonja ajue chumvi, lakini yeye mwenyewe hali. Kila mstari anaoufungua anauuliza, "Nitakuhubirije?" Baada ya miaka kumi ya kusoma hivyo, anaweza kuwa na njaa kali huku jikoni kwake kunafuka moshi siku zote. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, aliliona hilo kwa wanafunzi wake. Katika seminari ya Kanisa la Kiungamo, yaani Waprotestanti waliokataa kanisa litawaliwe na Wanazi, aliyoiongoza huko Finkenwalde, kati ya mwaka 1935 na 1937, aliwaagiza wakae nusu saa kila asubuhi na andiko fupi, andiko lile lile juma zima, bila vitabu vya ufafanuzi na bila kufikiria mahubiri. Walitakiwa kuuliza tu andiko linawaambia nini wao wenyewe. Wanafunzi walinung'unika. Wengine hawakujua wafanye nini na nusu saa hiyo. Walikuwa vijana waliosoma theolojia katika vyuo vizuri, na nusu saa mbele ya mistari michache iliwashinda. Bonhoeffer hakulegeza. Zingatieni pia wakati wenyewe: dola la Wanazi lilikuwa limelibana kanisa lao, na polisi wa siri waliifunga seminari ile mwaka 1937. Mtu anayesema kwamba hali ya sasa ni ya dharura mno kiasi cha kutoruhusu ukimya na ajiulize kama dharura yake inaishinda ile.

Nikiingia katika vizuizi, sitataja vingi, kwa sababu kila mmoja anavijua vyake. Simu tunailaumu mno. Kabla ya kuwapo simu, Evagrio wa Ponto, aliyeishi na wamonaki wa jangwa la Misri na kufa mwaka 399, aliandika habari za pepo wa adhuhuri, uchovu wa roho unaomvamia mmonaki kuanzia kama saa nne ya mchana. Jua linaonekana halisogei, na siku inaonekana ina saa hamsini. Mmonaki anachungulia dirishani, anatoka nje kuangalia jua limebakiza kiasi gani kufika saa ya kula, anatazama kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Kisha anaanza kupachukia mahali alipo, anaona kwamba upendo umekwisha kati ya ndugu, anakumbuka mahali pengine ambapo maisha ni mepesi, na anajiambia kwamba kumpendeza Mungu hakutegemei mahali. Ninapoisoma orodha hiyo nacheka, kisha naacha kucheka. Ni nani kati yetu hajawahi kuandika barua ya kuomba uhamisho katika hali kama hiyo, akiipamba kwa maneno ya wito?

Dawa ya Evagrio ilikuwa kubaki. Lakini hapa niongeze jambo ambalo nisingependa lisikike vibaya. Si kila ulegevu wa mtumishi ni pepo wa adhuhuri. Kuna uchovu wa mwili unaotokana na kulala saa nne kwa usiku kwa miaka mitatu mfululizo, na kuna ugonjwa wa sonona, ambao ni ugonjwa kama mingine. Mchungaji asiyeweza kuamka, asiyeonja furaha katika chochote, au anayefikiria kifo, apelekwe kwa daktari. Asiambiwe aongeze saa ya sala. Nimewahi kusikia ushauri wa namna hiyo ukitolewa kwa mtumishi mgonjwa, kwa nia njema kabisa, na madhara yake yalikuwa makubwa.

Sasa mtaniuliza, ifanyike vipi? Nitasema kwa ufupi, maana hapa vitabu ni vingi kuliko watendaji. Dakika ishirini kila siku, saa ile ile, mahali pale pale, zinatosha kuanzia, na zina thamani kuliko mafungo ya siku nane kwa mwaka yanayofuatwa na miezi kumi na miwili ya mbio. Chukua fungu fupi la Maandiko. Lisome polepole, kwa sauti ya chini, mpaka neno moja likushike, ukae nalo. Mawazo yatatoroka, yarudishe bila kujigombeza. Yohane Kasiano, aliyeyachota mafundisho ya jangwani na kuyapeleka Gaul, yaani Ufaransa ya leo, mwanzoni mwa karne ya 5, anapendekeza mstari mmoja wa kushikilia kila wakati, wa Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Ndugu zetu Waorthodoksi wana sala yao ya Yesu, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi," wanayoirudia pamoja na pumzi, na sioni sababu ya Mkristo yeyote kuikataa. Siku nyingi hakutatokea kitu. Hilo si dalili ya kushindwa.

Zoezi ambalo limenifaa zaidi katika uchungaji ni lile la Ignasi wa Loyola la kuipitia siku, ila mimi nalifanya kwa nyuso. Jioni nakaa na kuwaleta mmoja mmoja watu niliokutana nao: aliyekuja ofisini, aliyenipigia, yule niliyemkwepa kwenye ngazi. Sitafuti kwanza nilimkosea nani. Namtazama kila mmoja mbele za Mungu, na najiuliza nilimwona au nilimpita. Ajabu ni kwamba mara nyingi ni saa hiyo, saa tano baada ya mazungumzo, ndipo ninaposikia alichoniambia. Mama aliyekuja kuuliza habari ya cheti cha ubatizo hakuwa na haja ya cheti. Kesho yake nampigia simu. Kwa hiyo msiamini mnapoambiwa kwamba taamuli inapunguza kazi. Kwangu imeongeza, ingawa pia imefuta kazi nyingine ambazo nilikuwa nikizifanya ili nionekane.

Na kwa kuwa wazee wa kanisa na wajumbe wa halmashauri wapo hapa, niseme nanyi pia. Mchungaji hawezi kuilinda saa hiyo peke yake. Mitume walipoona huduma ya mezani inawalemea, hawakujifungia ndani, walikusanya jamii ya wanafunzi, wakachaguliwa watu saba, nao mitume wakasema, "Na sisi tutadumu katika kuomba na kulihudumia lile Neno." Yalikuwa makubaliano ya kanisa zima. Usharika au parokia inayomlipa mtumishi wake, kisha ikamhesabia tu mikutano aliyoongoza na mabati aliyoezeka, isishangae ikihubiriwa mabati.

Kabla sijamaliza, hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu mwoga anaweza kuifanya taamuli maficho. Kuna mgogoro hapo nje, naye yuko ndani na mshumaa. Teresa wa Avila, ambaye hakuna anayeweza kumshtaki kwa kutosali, alikuwa pia mwanzilishi wa monasteri nyingi, msafiri wa barabara mbovu na mjuzi wa mikataba. Katika kitabu chake cha Ngome ya Ndani, alichokiandika mwaka 1577, anapofika kwenye makao ya mwisho kabisa anasema kwamba Martha na Mariamu lazima waende pamoja wamkaribishe Bwana. Mariamu angempaje chakula, akiwa ameketi miguuni pake siku zote, kama dada yake asingemsaidia? Napenda kwamba swali hilo la jikoni ameliweka kileleni pa ngazi yake.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi katika siku zetu, nayo ni mtumishi anayetoka katika faragha yake akiwa na neno la kuwatawala wengine. "Mungu ameniambia uolewe na fulani." "Mungu amenionyesha adui yako ni nani katika ukoo." Yohane wa Msalaba, mwalimu wa taamuli kuliko wengi, alitumia kurasa nyingi kuwaonya watu wasishikilie maono na sauti, hata zile zinazoonekana njema, akisema kwamba Mungu amekwisha kutuambia yote katika Mwana wake, na anayetaka maono mapya anamkosea kwa kutoyaelekeza macho yake kwa Kristo. Kipimo changu ni hiki: ukimya wa kweli humfanya mtu awe mzito wa kusema "Mungu ameniambia." Mchungaji ambaye faragha yake inamwongezea amri juu ya maisha ya watu, wala haimwongezei masikio, anahitaji kiongozi wa kiroho atakayemwuliza maswali, tena upesi.

Nimebakiwa na swali moja ambalo limenisumbua tangu nianze kuandaa hotuba hii, na naamini nanyi mnalo. Vipi kuhusu wale waliobaki mlangoni pale Kapernaumu? Alfajiri ile kulikuwa na watu waliobeba wagonjwa wao, wakaambiwa kwamba Bwana ameondoka. Wapo pia watakaokuja kwako katika dakika zako ishirini, wakukose, na mmoja wao anaweza kuwa na shida ya kweli. Sitawaficha kwamba jambo hilo linauma, na mchungaji ambaye halimwumi simwelewi. Naweza tu kuwaonyesha kwamba Marko hakuwasahau watu wale. Fungueni sura ya pili. Baada ya siku kadha wa kadha Yesu aliingia tena Kapernaumu, ikasikiwa kwamba yumo nyumbani, wakakusanyika watu wengi, isibaki nafasi hata mlangoni. Safari hii kabla ya lolote alikuwa akisema nao neno lake. Na paa lilipotobolewa, akateremshwa mtu mwenye kupooza ambaye kila mmoja nyumbani mle aliona miguu yake, yeye alimwita mwanangu, akaanza na kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiomba: msamaha wa dhambi zake.